Wasifu wa Mzee Usiguse, Mtunzaji wa Vitu vya Watu

Kaka yetu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Usiguse, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya tanuri la matofali. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mfyatua matofali na mke wake. Wawili walitangulia wakiwa wachanga, wa katikati tulimzika mwaka 2011, na mimi ninayewasomea hapa ndiye kitinda mimba. Mama alikuwa akisimulia kwamba kaka alizaliwa amekunja ngumi, na mkunga alipomfungua vidole akamkuta ameshika uzi wa shuka. Sijui kama ni kweli, maana mama alipenda kutia chumvi. Lakini aliyemjua kaka hatabisha. Mtu yule akishika kitu, ameshika.

Alianza darasa la kwanza Januari 1961 katika shule ya msingi iliyopakana na soko la zamani, akamaliza Novemba 1967. Akiwa darasa la sita alipewa kazi ya kutunza kabati la chaki. Sheria alijitungia mwenyewe: hutoi chaki nzima mpaka uletewe kipande kilichokwisha. Siku moja mwalimu mkuu alimtuma mwanafunzi akamchukulie chaki, mwanafunzi akarudi mikono mitupu. “Amesema mwalimu alete kipande kwanza.” Kaka alichapwa viboko viwili, na kabati akaachiwa yeye, kwa sababu mwaka ule haikupotea chaki hata moja. Alifaulu kwenda sekondari, akasoma miaka miwili. Mwaka 1969 baba aliumia mgongo pale tanurini, ikabidi kaka arudi nyumbani kufyatua matofali. Hakumlaumu mtu. Vitabu vyake alivifunga kwa kamba, akaviweka juu ya dari, na juu akaandika idadi yake.

Mwezi Machi 1974 aliajiriwa kibarua katika idara ya maji, kazi ya kuchimba mitaro. Mwaka 1977 walimwingiza stoo, na hapo ndipo alipofika kwake. Alikaa stoo miaka thelathini na moja, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Kwa wasiojua kazi ile: kila kitu kilichoingia kilikuwa na kadi yake, kimetoka wapi na kiko rafu gani. Aliyeleta alipewa stakabadhi. Aliyechukua alisomewa kadi ili ahakikishe ndicho chenyewe, kisha akasaini safu ya kutoka na kuandika sababu. Kaka hakumruka mtu. Mhandisi mkuu alikuja siku moja anahema, anataka koki kubwa.

“Saini hapa, mheshimiwa. Na sababu.”

“Sababu gani, mzee! Bomba limepasuka, maji yamejaa barabarani, watu wanaogelea!”

“Basi andika hivyo hivyo.”

Kadi hiyo wenzake waliitunza kwa miaka, wakawa wanaisoma kila wakichoka.

Mke wake alikutana naye kwenye dirisha la stoo hiyo hiyo. Alikuwa fundi cherehani, ameleta ovaroli ishirini na nne za mafundi bomba. Kaka alizihesabu, akazigeuza, akasema ovaroli moja imepungukiwa kifungo, kwa hiyo hazijatimia. Yule dada hakubishana. Alichukua mkasi, akakata kifungo cha mkono wa blauzi yake mwenyewe, akakishona pale pale amesimama, akauliza, “Na hiki nacho utakiandikia kadi, au kitapita hivi hivi?” Kaka alirudi nyumbani siku ile akala bila kujua anakula nini. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu: wa kwanza binti, ni muuguzi, wa pili mwanamume, ni fundi umeme, wa mwisho binti, ni mwalimu. Aliwalea kwa upole na kwa orodha.

Alipostaafu tulidhani atapumzika. Mke wake alimnunulia kiti cha kukunja, akamwekea barazani. Kiti kile kilikaliwa na paka. Mwezi Februari 2009 huyo wifi yangu alikuwa anasafisha nyuma ya nyumba akakuta kalibu ya matofali ya baba yetu, lile fremu la mbao alilofyatulia maisha yake yote. Lilikuwa limeoza pembe moja. Akachukua shoka alichanje kuni. Kaka alitokea shoka likiwa juu.

“Usiguse!”

“Nisiguse nini? Si ubao umeoza huu?”

“Huo ubao umetulisha sisi.”

“Basi utulishe na leo, sufuria inasubiri moto.”

Siku ile wote wawili walilala hawasemeshani. Kaka aliiandikia ile kalibu kadi. Halafu, kwa kuwa hakujua kupokea kitu bila kutoa stakabadhi, alijiandikia mwenyewe: akasaini kama mtoaji, akahamia upande wa pili wa meza, akasaini kama mpokeaji. Mimi nilishuhudia kuhama kule. Hiyo ndiyo stakabadhi namba moja ya makumbusho ya mji huu, mnayoyasifu leo kwenye risala zenu.

Watu waliposikia wakaanza kuleta vitu. Mwaka 2010 ofisi ya mji ilimruhusu kutumia zahanati ya zamani, vyumba viwili, cha daktari na cha sindano. Wengi wenu mnavijua, mmelia mle. Ukutani bado kuna mstari wa kupimia urefu wa watoto. Makabati ya vioo aliyapata kwenye duka la mikate lililofungwa, na mpaka leo mvua ikinyesha yananuka hamira. Meza yake aliiweka nyuma ya dirisha la dawa. Ukileta kitu unakaa kwenye benchi lile lile ulilokalia na homa yako, unasubiri kuitwa. Ukifika dirishani anakuuliza, unasema, anaandika ulivyosema, bila kupamba, chini ya maneno “Mtoaji anasema.” Mkunga mstaafu alipoleta mkoba wake, kadi ikaandikwa: “Mtoaji anasema: mkasi huu umekata vitovu vya nusu ya mji, na nusu hiyo hainisalimii.” Tangu siku ile watu walianza kumsalimia mkunga mpaka akalalamika.

Kila kitu alikiwekea kibao cha USIGUSE. Vingine viliandikwa hata ukutani, na kimoja kilikuwa nyumbani, juu ya chupa yake ya chai. Jina lake limetoka hapo, na alilipenda, ingawa alijifanya hasikii.

Upangaji wake ulikuwa wa stoo. Chuma na chuma, mbao na mbao, nguo na nguo. Kwa hiyo mkasi wa mkunga ulikaa kati ya mkasi wa fundi nguo na mkasi wa kukatia majani, na kengele ya shule ikalala na pasi ya mkaa. Walimu walimlalamikia kwamba wanafunzi hawaelewi kipi kilitangulia. Alijibu kwamba stooni vitu havipangwi kwa umri. “Mkasi ni mkasi,” alisema. “Mtu akitaka kujua umri wake asome kadi. Kusoma ndiko kunakowaleta shule.”

Mwezi Oktoba 2013 tuliambiwa wanakuja wageni kutoka ofisi ya juu ya makumbusho. Kaka alikwenda kukata nywele, mimi nikachukua ufunguo nikaenda kumsaidia. Nilikwenda na ndoo ya majivu na kipande cha gunia. Nilisugua pasi mpaka nikaona meno yangu. Nilisugua kengele. Kulikuwa na chungu cha mama mmoja aliyepikia vibarua wa reli; nikakitoa masizi ya miaka arobaini, kikabaki chekundu kama kimetoka dukani. Kaka aliingia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

“Mdogo wangu, umeifuta kazi ya yule mama.”

“Nimekisafisha.”

“Ndiyo. Umeifuta.”

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na afadhali angenigombeza. Kesho yake wageni walikuta kadi ya chungu imeongezwa mstari: “Masizi yaliondolewa na dada wa mtunzaji, kwa nia njema.” Upo mpaka leo. Nimeambiwa wanafunzi wakifika hapo ndipo wanapocheka kuliko popote.

Siku hiyo hiyo ya wageni ndipo lilipoanza jambo lililomsumbua kaka mpaka mwisho. Ofisa mmoja alichukua stakabadhi mojawapo akaisoma kwa sauti: “Kimehifadhiwa kwa niaba ya mwenyewe, atakipata akikihitaji.”

“Mzee,” akasema, “karatasi hii inasema vitu hivi si vyako.”

“Si vyangu, kweli.”

“Wala si vya mji.”

“Wala si vya mji.”

“Basi hii si makumbusho. Hii ni stoo!”

“Umeona eh?” kaka akasema, amefurahi kwamba mgeni ameelewa haraka.

Ofisa hakuwa anasifu. Alieleza kwamba makumbusho yote duniani mtu akitoa kitu anasaini hati kwamba ametoa moja kwa moja. Kwamba kaka alikosea tangu mwanzo kuwapa watu karatasi za stoo. Kwamba siku mzee hayupo kila mtu atakuja na karatasi yake abebe kitu chake, na ofisi ya mji itarudishiwa vyumba viwili na harufu ya hamira. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kuwarudia watu kuwaambia kwamba kitu walichompa awatunzie sasa si chao. “Na siku hiyo unayosema,” akaongeza, “kutakuwa na mtunzaji mwingine.”

Ofisa akauliza ni nani. Kaka akasema bado hajaajiriwa.

Basi alifungua kila Jumatano na kila Jumamosi, saa tatu mpaka saa kumi, kwa miaka kumi na nne, mvua, jua, kuna mtu, hakuna mtu. Mwaka 2016 barabara ilipopanuliwa na kibanda cha kinyozi kikavunjwa, kinyozi alikuja na kiti cha baba yake kwenye mkokoteni. Alisema wazi mbele ya dirisha, “Nakupa wewe, Mzee Usiguse. Siupi mji. Mji umeshakula kibanda, usile na kiti.” Kaka alimwandikia stakabadhi. Vitu vilifika mia moja na kumi na mbili.

Wifi yangu hakuyapenda makumbusho, na sitasema uongo mbele ya jeneza. Tangu siku ya kufunguliwa hakuingia ndani. Chakula cha mchana alikifikisha mlangoni, anakiweka kwenye kizingiti, anagonga, anaondoka. “Una mke mmoja nyumbani,” alikuwa akimwambia, “na wengine mia kule zahanati, na wote vikongwe.” Kaka akijibu kwamba wale hawasemi, yeye anajibu, “Ndiyo maana hawajakuacha.” Utani ulikuwepo, na uchovu ulikuwepo ndani ya utani. Walioishi na mtu wa namna ile wanajua. Anarudi kwako jioni amebakiza nguvu za kuvua viatu tu.

Mwezi Agosti 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Alipelekwa hospitali, akapimwa, daktari akamwambia, “Mzee, moyo wako umechoka.”

“Hata mimi nimechoka, daktari,” kaka akajibu. “Ila sijapata wa kupokea zamu.”

Alipewa dawa za asubuhi na dawa za jioni, akakatazwa chumvi, akakatazwa ngazi, akakatazwa kubeba. Akaendelea kufungua. Alitembea akipumzika kila nguzo ya umeme, na nguzo kutoka nyumbani mpaka zahanati ni kumi na moja. Tulizihesabu wote, kwa zamu, tukimshika mkono. Mikono nayo ilianza kutetemeka akashindwa kuandika. Ndipo ikawa habari za vitu vipya anazileta nyumbani, yeye analala anataja, mke wake anaweka cherehani kando na kuandika kadi. Kadi za miaka miwili ya mwisho zote ni mwandiko wa yule yule aliyekataa kuvuka kizingiti. Akikosea namba ya rafu, mke ndiye anamsahihisha. “Rafu ya nne imejaa, baba watoto. Umeweka redio ya mbao pale tangu mwaka jana.” Redio yenyewe hajawahi kuiona.

Mwezi Januari mwaka huu watoto wote walikuja. Kaka aliomba aketishwe, akauliza nani atashika ufunguo. Alimuuliza mmoja mmoja.

Binti mkubwa, muuguzi, alisema, “Baba, nina wagonjwa sitini kwa zamu moja. Nikitoka huko nikalinde na pasi?”

Wa kati alisema, “Taa nitakuwekea mpya zote, baba. Ila kukaa pale kutwa, siwezi.”

Mwalimu alisema ataleta wanafunzi wake kila mwaka. Kaka akamuuliza, “Watafunguliwa na nani?”

Akanigeukia mimi. Nilimwambia, “Kaka, mimi na darasa la saba langu nitawaeleza nini watu?” Akasema, “Utawasomea kadi. Kusoma si unajua?” Nikataja magoti, nikataja genge langu, nikataja kila kilichonijia kichwani. Nilikataa. Naliandika hapa kwa sababu yeye angeliandika.

Hakutukasirikia. Alisema, “Sawa, nimesikia,” akaomba alazwe. Ufunguo ukabaki kwenye msumari juu ya kitanda, zahanati ikabaki imefungwa, na kila mmoja wetu aliyeingia kumwona aliangalia kila mahali isipokuwa pale.

Miezi mitano ya mwisho ilikuwa mirefu. Kumgeuza, kumwosha, kumpa dawa anazozitema, kumketisha apate pumzi, kumlaza. Mwenye kuuguza anajua mgongo unavyouma mpaka unasahau ulivyokuwa hauumi. Wifi yangu alikuwa akishona huku anamwangalia, analala amekaa. Kaka naye alichoka kuugua na alisema hivyo, bila kunung’unika, kama mtu anayesubiri foleni isiyosogea.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mke wake akiwa ukingoni mwa kitanda. Aliuliza, “Leo siku gani?” Akajibiwa, Jumanne. Akasema, “Basi kesho ni kufungua.” Akafumba macho. Alikuwa na miaka sabini na moja, miezi miwili na siku ishirini na nane.

Jumatano haikufunguliwa. Zahanati ilibaki na komeo lake, kama ilivyokuwa tangu Januari, na siku hiyo hiyo watu wakaanza kuja. Walikuja kutoa pole, na pole zenu tumezipokea. Lakini wengine mlikuja na pole mkono wa kulia na stakabadhi mkono wa kushoto, na nawaona mlipokaa. Siwalaumu. Karatasi inasema atakipata akikihitaji, na ofisa alishatabiri. Sisi tulikaa kikao cha familia jikoni, tumesimama, tukakubaliana kwamba baada ya mazishi tutafungua mara moja, kila mtu achukue chake, turudishe ufunguo ofisi ya mji, tulale. Hakuna aliyepinga. Wifi yangu alikuwa kwenye mkeka chumbani na wanawake wenzake, tukamwona kwamba si mtu wa kusumbuliwa.

Alhamisi asubuhi kinyozi alifika. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema mzee alikuwa mtu wa haki, na yeye kiti alimpa mzee, na mzee hayupo, basi anaomba kiti. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie asubiri mazishi. Nikasikia nyuma yangu mkeka unakunjwa.

Wifi yangu alitoka chumbani, amejifunga kitambaa kichwani, ufunguo mkononi. “Una stakabadhi?” akamuuliza.

“Ninayo, mama.”

“Twende.”

Tulimfuata, kinyozi, mimi na binti mkubwa, nguzo kumi na moja, na hakupumzika hata moja. Alifungua komeo. Alivuka kizingiti kile bila kukiangalia, akaenda moja kwa moja nyuma ya dirisha la dawa, akaketi, akafungua daftari, akamwambia kinyozi akae kwenye benchi mpaka aitwe. Kinyozi akakaa. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuitwa, lakini alikaa. Baadaye akaitwa.

“Namba sitini na nane. Kiko chumba cha sindano, chini ya dirisha. Nakusomea kadi uhakikishe ndicho chenyewe.” Akasoma, kwa sauti ile ile ya mumewe, bila kupamba: “Kiti cha kinyozi, mbao na chuma, mkono wa kushoto umelegea. Mtoaji anasema: mkono umelegea kwa sababu nilikuwa naukalia mimi nikiwa mdogo, nikimwangalia baba akinyoa. Aliniambia nishuke kila siku na kila siku nilipanda. Hajawahi kuutengeneza. Ndicho?”

“Ndicho, mama.”

“Saini hapa. Na hapa andika sababu ya kutoka.”

Kinyozi alishika kalamu. “Niandike nini? Mtunzaji amefariki?”

“Mtunzaji yupo,” wifi yangu akasema. “Unaongea naye. Andika sababu nyingine.”

Kinyozi aliigeuzageuza kalamu. Aliangalia chumba cha sindano, akaangalia daftari. Mwisho akairudisha kalamu mezani, akaikunja stakabadhi yake mara nne, akaitia mfukoni. “Ngoja nifikirie,” akasema.

“Fikiria. Jumatano na Jumamosi tupo.”

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia, “Wifi, umekubali lini hii kazi? Mbona hukutuambia?”

“Sijakubali.”

“Sasa yale ya dirishani?”

Alinitazama kama anavyonitazama nikimkosoa mshono. “Kaka yako aliwauliza watoto wakakataa. Alikuuliza wewe ukakataa. Mimi miaka arobaini na minne nalala naye, naandika kadi zake, hakuniuliza. Alidhani amenichosha.” Tukapita nguzo mbili. “Amenichosha kweli. Lakini mtu asiyeulizwa anakataaje?”

Jana Ijumaa alikuja mwenye redio ya mbao. Alisomewa kadi, akaandika sababu: “Nataka kuisikiliza tena.” Wifi yangu akaisoma, akasema ni sababu nzuri, akamsaidia kuibeba mpaka nje. Rafu ya nne sasa ina nafasi. Vilivyobaki vimebaki, na vitakavyotakiwa kutoka vitatoka. Hakuna aliyewaahidi zaidi ya hapo, hata marehemu hakuahidi.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja ambaye ni mimi, na vitu mia moja na kumi na moja vya watu. Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba maji, wenzake wa idara ya maji waliochimba kaburi hili wenyewe, na mkunga mstaafu aliyeosha vyombo siku nne bila kuulizwa na mtu kama ameshiba.

Leo ni Jumamosi na zahanati imefungwa kwa sababu mtunzaji yuko hapa anazika. Itafunguliwa Jumatano tarehe 19 Juni, saa tatu asubuhi. Mwenye stakabadhi aje nayo.

Kaka yetu alifanya kazi tangu ana miaka kumi na sita mpaka pumzi ilipokatika, na hatukumsikia akiomba likizo. Mwenyezi Mungu ampe mapumziko ambayo sisi hatukuweza kumpa.